Sura ya Nne: Utumbo Haupigwi Deki

Hakuna kinyesi cha miaka kumi kilichoganda tumboni mwako. Naanza na hilo kwa sababu wagonjwa wengi wanaonijia na tatizo la choo wamekwisha kulipia dawa ya kukiondoa. Huyu kanywa sanamaki wiki nzima, yule chumvi ya haluli, mwingine unga wa mitishamba wenye picha ya utumbo mweusi kwenye kopo. Wote waliharisha, wakajisikia wepesi, wakaamini wamesafika.

Nilikusudia sura hii ifuate chakula kwa mpangilio: mdomo, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana. Hatua tatu za mwanzo msomaji alifundishwa shuleni, nami naziruka. Upotoshaji wote umejazana kwenye mita moja na nusu ya mwisho.

Utumbo mpana hupokea uji mwepesi, ukanyonya maji na chumvi, ukasukuma kinachobaki. Ukuta wake umefunikwa kwa ute, na seli za juu za ukuta huo hufa na kupisha mpya kila baada ya siku chache. Uchafu utaganda wapi juu ya ukuta usiodumu hata wiki mbili? Wapasuaji wanaoufungua kwa dharura, kabla mgonjwa hajanywa dawa yoyote ya kumwandaa, hukuta choo cha jana na juzi. Choo hukwama kweli, hasa kwa wazee na wagonjwa wa kulala kitandani, ila huko ni kuziba, na hutibiwa hospitalini.

Na zile kamba ndefu za kijivu ambazo watu hupiga picha na kutumiana kwenye simu? Soma maandishi ya kopo. Nyingi za poda hizo zina maganda ya mbegu yanayovimba yakikutana na maji, pengine na udongo laini. Mchanganyiko huo ukipita tumboni hutoka umeshikana katika umbo la utumbo wenyewe. Kamba imetokana na dawa uliyoinunua.

Kuhusu "kutoa sumu", kazi hiyo ina wenyewe: ini na figo. Kuharisha kwa makusudi hutoa maji na madini ya potasiamu ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Mwenye figo dhaifu anayekunywa chumvi ya haluli hulimbikiza magnesi mwilini, na hiyo inaweza kumuua.

Tukitafuta kinachousaidia utumbo kweli, lazima nimtaje Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, yule yule ambaye jina lake limebaki kwenye saratani ya taya ya watoto aliyoieleza mwaka 1958. Baadaye alivutiwa na jambo ambalo wenzake waliona haya kulichunguza: kinyesi. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya watu waliomezeshwa vipande vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei. Kwa wanavijiji wa Uganda, safari ya chakula hadi chooni ilichukua saa 36 hivi. Kwa wanamaji wa Uingereza ilizidi saa 80. Choo cha wanavijiji kilifikia gramu 470 kwa siku, cha wanamaji gramu 100 hivi. Si kila alichodai Burkitt baadaye kimethibitika, lakini vipimo hivyo vilionyesha wazi kwamba mlo wenye makapimlo (nyuzinyuzi za mimea zisizomeng'enywa), kama wa wanavijiji hao, huupa utumbo kitu cha kusukuma.

Makapimlo hayo pia ni chakula cha bakteria wa utumbo mpana. Huyachachua na kutoa asidi, mojawapo butireti, ambayo seli za ukuta huitegemea kwa nguvu zake nyingi. Usipoyala, unawanyima chakula bakteria hao na ukuta pia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10. Nasi tunafanya nini? Tunakoboa mahindi tupate sembe nyeupe, pumba tunawapa kuku, kisha tunanunua makapimlo ya kopo kwa bei ya kutisha.

Kula dona, kunde, mtama, mchicha, mapera na maganda yake. Ongeza polepole, maana gesi itakusumbua siku za mwanzo, na unywe maji. Haja ikibana usiibane, hasa asubuhi baada ya kula, ndipo utumbo unaposukuma kwa nguvu. Mara tatu kwa siku ni sawa. Mara tatu kwa wiki pia ni sawa.

Lakini ukiona damu, au choo cheusi tii ilhali humezi vidonge vya madini ya chuma, au unakonda bila sababu, au mwenendo wa choo umebadilika kwa wiki kadhaa, usinywe sanamaki kwanza. Nenda hospitali.