Gofu la Shetani Mlimani Montpelier

Kusini mwa Dublin, mji mkuu wa Ireland, upo mlima uitwao Montpelier. Kileleni limesimama gofu la mawe ambalo limeogopwa kwa vizazi vingi.

Nyumba hiyo ilijengwa yapata mwaka 1725 na William Conolly, Spika wa Bunge na bwanyenye mkubwa, iwe mahali pa kupumzikia wawindaji. Husimuliwa kuwa mafundi wake walibomoa rundo la mawe ya kale lililokuwapo hapo, wakayajengea. Haukupita muda, dhoruba ikang'oa paa. Wanavijiji wakanong'ona: Shetani amelipiza kisasi.

Baadaye, yasemekana, vijana wa kikabaila walilewa na kucheza karata humo usiku kucha. Siku moja akaja mgeni. Mchezaji mmoja alipoinama kuokota karata iliyoanguka, aliona chini ya meza kwato badala ya miguu!

Mwaka 2016 wataalamu wa mambo ya kale walichimba mahali hapo. Shetani hawakumkuta, walikuta mabaki ya kaburi la wahenga, lenye umri wa miaka ipatayo 5,000.

Basi, ndugu msomaji, tusiwacheke wanavijiji wale. Huenda walikosea jina la mwenye mlima. Lakini kwamba palikuwa na mwenyewe, naye amevunjiwa heshima, walilitambua kabla ya wataalamu.