Mbona sufuria hugongwa nyundo na haivunjiki?

Ukipita Kamukunji, Nairobi, kelele za nyundo hukupokea kabla hujaona mtu. Fundi anagonga kipande cha aluminiamu, anakikunja, mwishowe kinatoka sufuria. Sasa hebu gonga kipande cha chumvi ya mawe. Si kitasambaratika? Tofauti iko kwa elektroni.

Ndani ya atomu, kila elektroni ina eneo lake, liitwalo obitali. Obitali ya s ni duara kama mpira. Ya p ni kama baluni mbili zilizofungwa pamoja midomoni. Kwenye metali, obitali za nje za atomu jirani huingiliana, na elektroni zilizomo huwa mali ya wote. Nyundo ikipiga, atomu huteleza, lakini elektroni hizo bado zinazishikilia. Kwa chumvi mambo ni mengine: zikisogea kidogo tu, chaji zinazofanana hukutana, zinasukumana, na kipande kinapasuka.

Idadi nayo ina maana. Kila atomu ya sodiamu huchangia elektroni moja, na metali hiyo huyeyuka kwa nyuzi joto 98. Aluminiamu huchangia tatu, nayo huyeyuka kwa 660. Ungepikia ugali wako kwa gani?

Lakini kumbuka, elektroni hizo hizo zinazozurura ndizo hubeba umeme. Kwa hivyo ukiona waya uliochubuka umegusa geti au ukuta wa mabati, usiguse "kujaribu tu." Kaa mbali, waonye majirani, kisha uite fundi wa stima.