Chai na chakula cha mchana haviendi pamoja

MAMA mmoja mkazi wa Bulapesa, mjini Isiolo, alinijia akilalamikia kisunzi na moyo kwenda mbio kila alipobeba mtungi wa maji. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Nilipouvuta ukope wake wa chini niliona weupe, na kipimo cha maabara kikathibitisha kwamba damu yake ilikuwa imepungua sana. Nilimwuliza jamii yake hula nini adhuhuri.

“Chapati na chai ya maziwa, daktari. Siku nyingine anjera na chai. Nyama tutaitoa wapi kila siku?”

Wengi hudhani kwamba pasipo nyama hapana damu, na kwa kuwa nyama ni ghali, huridhika na chai. Hakika ni kwamba ndengu, maharagwe, kunde na mboga za majani zina madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengenezea damu. Taabu ni kuwa chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida, na chai huizidisha shida hiyo. Majani ya chai yana tanini, ambayo hushikana na chuma tumboni, kikatoka bila kutumika. Kikombe kimoja kikinywewa pamoja na chakula chaweza kupunguza chuma kinachoingia mwilini kwa zaidi ya nusu. Maziwa nayo hayaleti nafuu, maana yana chuma kidogo mno. Simwambii mtu aache chai (hapa Isiolo nani angenisikiliza?), ila aingojee muda wa saa moja au mbili baada ya kula. Watoto wadogo wasipewe kabisa.

Mlo niliomweleza mama huyo ni wa bei nafuu. Kwa watu sita, chambua vikombe viwili vya ndengu, uzioshe na kuziloweka usiku kucha. Makaa yatatumika machache, na ile asidi iliyomo katika mbegu, ambayo pia huzuia chuma, itapungua. Mwaga maji hayo, uchemshe kwa maji mapya mpaka ziive. Usitie magadi ili kuharakisha, kwani huharibu vitamini B. Kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, tia ndengu, kisha mchicha au sukuma wiki, uache dakika chache tu. Ukishaepua, kamulia ndimu. Vitamini C ya ndimu hukisaidia chuma cha mimea kufyonzwa, lakini huharibiwa na moto, ndiyo sababu hutiwa mwisho.

Ikiwa nyumbani kuna nyirinyiri, ongeza vijiko viwili. Chuma cha nyama hufyonzwa kwa urahisi, na nyama hata ikiwa kidogo hukisaidia kile cha ndengu. Kwa hivyo robo kilo ya nyama ni afadhali igawanywe katika sufuria za siku kadhaa kuliko iliwe yote Jumapili.

Ugali wafaa sana na mchuzi huu. Tangu 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagishaji watie chuma na vitamini katika unga wa mahindi wa paketi. Unga unaosagiwa mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo, hivyo wanaoutumia waongeze ndengu na mboga. Na kwa joto letu hili, masalio yakikaa hadi jioni yapashwe moto mpaka yachemke.

Chakula peke yake hakiponyi upungufu mkubwa wa damu. Malaria na minyoo pia huimaliza damu, kwa hivyo anayeona kisunzi apimwe. Wajawazito hupewa kliniki tembe za chuma na foliki, na hapo ndipo nilipogundua jambo lililonishangaza. Mama yule alikuwa nazo, na hakuwa amekosa hata siku moja kuzimeza. Alizimeza kwa chai.

Nilimwagiza azinywe kwa maji. Aliporudi baada ya mwezi mmoja damu ilikuwa imeanza kupanda, na mtungi, alisema, haumchoshi kama zamani. Tatizo lililobaki ni mzee wake, ambaye bado anadai chai yake saa saba kamili.