Mjumbe wa Kinga Mwilini: Tuifahamu Seli Dendritiki

Wapo wazazi wanaouliza kwa nini mtoto mchanga, aliyezaliwa akiwa mzima, adungwe sindano ya kifua kikuu mkononi, kisha baada ya majuma kadhaa mahali pale pavimbe, patoke kidonda kidogo na kubaki kovu. Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika seli moja ndogo ambayo wengi wetu hatujapata kusikia jina lake: seli dendritiki.

Miili yetu ina askari wengi. Miongoni mwao ni seli T, ambazo kila moja imeumbwa kumtambua adui mmoja mahususi. Lakini askari hawa hawamfuati adui ngozini wala mapafuni kabla ya kupewa habari. Hupita katika damu na katika tezi za shingoni, kwapani na kinenani, wakingojea mjumbe.

Mjumbe huyo ndiye seli dendritiki. Makazi yake ni ngozini, mapafuni, matumboni na kila mlango ambao maradhi huweza kuingilia. Akikutana na kijidudu humeza sehemu zake, huzikatakata, kisha husafiri hadi kwenye tezi akiwa amevitundika vipande hivyo juu ya mwili wake. Huko huvionesha kwa seli T, moja baada ya nyingine, mpaka apatikane askari anayemtambua adui yule. Askari huyo huzaana kwa wingi, na jeshi likatoka. Ndiyo sababu mojawapo ya tezi kuvimba tunapougua.

Mjumbe mwema hapigi mbiu kwa kila jambo. Seli hizi pia huwafundisha askari kuvistahimili chakula na viungo vya mwili wenyewe. Mafunzo hayo yakiharibika, kinga huweza kumgeukia mwenyewe, kama inavyotokea katika ugonjwa wa lupasi. Na wako maadui wajanja: virusi vya UKIMWI huweza kujishikiza kwa mjumbe huyu na kubebwa hadi kwa seli T zile zile ambazo virusi hivyo huziangamiza.

Mwaka 1868, Paul Langerhans, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari huko Berlin, aliziona seli za namna hii ngozini, akazidhania kuwa za neva. Kazi yake haikufahamika hadi baada ya zaidi ya miaka 100. Mwaka 1973, Ralph Steinman na Zanvil Cohn wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walieleza juu ya seli zenye matawi walizozikuta katika bandama ya panya. Wakazipa jina litokanalo na neno la Kigiriki lenye maana ya mti.

Steinman alipopatwa na saratani ya kongosho mwaka 2007, alikubali kujaribiwa tiba zilizotokana na seli hizo hizo. Aliishi zaidi ya miaka minne, ingawa hakuna awezaye kuthibitisha kuwa ni tiba hizo zilizomrefushia uhai. Alifariki tarehe 30 Septemba 2011. Siku tatu baadaye alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel, watoaji wakiwa hawana habari ya kifo chake.

Tukirejea kwa mtoto wetu: chanjo ni habari anayokabidhiwa mjumbe kabla adui hajafika. Kidonda kile kidogo ni alama kwamba kinga imeshughulika. Kiachwe kikiwa safi na kikavu, kisikamuliwe wala kupakwa dawa. Na kwa kuwa chanjo nyingine hutolewa zaidi ya mara moja ili kumbukumbu ya askari iimarike, tusikatishe ratiba kwa sababu ya homa ya siku moja. Mtoto ni amana. Tumkamilishie kinga yake.