Neno Moja Kila Jumatatu: Saikolojia na Sera ya Ufuasi wa Dawa

Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI (VVU) hutakiwa kumeza dawa za kufubaza virusi hivyo kila siku, maisha yake yote. Maelezo hayo hutolewa kliniki, na wagonjwa wengi huyafahamu vyema. Hata hivyo, dozi hurukwa. Huyu hupitiwa kwa wingi wa shughuli. Yule huficha vidonge asije akaonwa na mwenza wake. Mwingine, akishapata nafuu, hudhani kwamba haja ya dawa imekwisha. Baina ya kujua na kutenda kuna pengo, na kulichunguza pengo hilo ni mojawapo ya kazi za saikolojia.

Kwa muda mrefu pengo hilo limejibiwa kwa nasaha zaidi, na wakati mwingine kwa karipio. Utafiti uliofanyika katika kliniki tatu nchini Kenya, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet, ulishika njia nyingine. Wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Wote walipata huduma ya kawaida. Wagonjwa 273 kati yao walipelekewa pia ujumbe mfupi wa simu mara moja kwa wiki, wenye neno moja tu: “Mambo?” Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48 kwa “Sawa” au “Shida”. Aliyejibu “Shida”, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mtumishi wa kliniki.

Ujumbe huo haukutaja dawa wala ugonjwa, hivyo hata simu ilipoangukia mikononi mwa mtu mwingine, siri ya mgonjwa haikufichuka. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 62 ya walioandikiwa walieleza kuwa na ufuasi mzuri wa dawa, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wenzao. Vipimo vya damu viliafiki: virusi vilikuwa vimefubazwa kwa asilimia 57 ya kundi la kwanza na asilimia 48 ya kundi la pili. Kwa hesabu hiyo, katika kila wagonjwa 11 walioandikiwa, mmoja zaidi alifanikiwa kufubaza virusi.

Mtunga sera mwenye haraka angeweza kuhitimisha kwamba, ikiwa ujumbe wa kila wiki unafaa, wa kila siku utafaa zaidi. Utafiti mwingine, uliofanyika Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2011, ulilipima jambo hilo hilo. Wagonjwa 431 walifuatiliwa kwa wiki 48, na ufunguzi wa chupa zao za dawa ukarekodiwa kwa vifuniko vya kielektroniki. Miongoni mwa waliokumbushwa kila wiki, asilimia 53 walifikia ufuasi wa angalau asilimia 90. Miongoni mwa wasiopelekewa ujumbe, ni asilimia 40. Waliokumbushwa kila siku hawakuwa bora kuliko wasiokumbushwa. Hata kurefusha ujumbe kwa maneno ya kutia moyo hakukuongeza faida. Saikolojia inalo jibu linaloaminika: jambo linalorudiwa mno huzoeleka, nalo likizoeleka halisikiki tena. Huenda pia mgonjwa huliona kuwa usumbufu.

Mjini Yaoundé, nchini Kameruni, wagonjwa 200 walishiriki katika utafiti wa ujumbe wa kila wiki wa kuhamasisha. Matokeo ya mwaka 2012 hayakuonyesha tofauti ya kutegemewa katika ufuasi. Teknolojia ilikuwa ile ile ya simu ya mkononi. Utaratibu wa Kenya ulimuuliza mgonjwa hali yake, kisha ukamtafuta aliyekuwa na shida. Huu wa Yaoundé haukujengwa juu ya mazungumzo ya namna hiyo.

Mwaka 2013, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza katika mwongozo wake wa dawa za kufubaza VVU kwamba ujumbe mfupi wa simu unaweza kutumika kukumbusha wagonjwa, ukiwa sehemu ya hatua mbalimbali za kuimarisha ufuasi. Hivyo swali la salamu lilisaidia kufikisha tiba katika sera ya kimataifa.

Safari haikuishia hapo. Matokeo ya utafiti wa Kibera, Nairobi, uliohusisha watu 700 waliokuwa wapya katika huduma, yalitolewa mwaka 2018. Safari hii ilipimwa iwapo ujumbe wa kila wiki utawafanya wabaki kliniki katika mwaka wa kwanza. Haukuongeza idadi ya waliobaki. Njia iliyosaidia kumeza dawa haikutosha kumfanya mtu aendelee kuhudhuria, kwani nauli, kazi, uhamaji na unyanyapaa si mambo yanayoondolewa kwa salamu.

Kwa watunga sera, somo ni kupima kabla ya kueneza, na kupima upya lengo linapobadilika. Bajeti nayo isiishie katika gharama ya ujumbe: bila mtumishi aliyetengewa muda wa kumpigia aliyesema “Shida”, swali hilo hubaki sauti tupu.

Mtumishi wa afya naye anaweza kuanza leo, hata pasipo mradi wowote. Kabla ya kuuliza dozi ngapi zimerukwa, aulize mgonjwa anaendeleaje, kisha asubiri jibu. Na mgonjwa aliyeruka dozi asione haya kulisema hilo kliniki. Wagonjwa wa Kenya waliojibu “Shida” hawakuadhibiwa, walipigiwa simu.