Badfinger: Wimbo wao ulitajirisha wengine

Wimbo "Without You" wengi wanaujua kwa sauti ya Mariah Carey, aliyeutoa mwaka 1994. Wenye umri zaidi watamtaja Mmarekani Harry Nilsson, ambaye mwaka 1972 aliufikisha nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza. Wachache watawataja Badfinger, bendi ya Uingereza iliyoutunga na kuurekodi kwanza, mwaka 1970.

Pete Ham, kijana wa Swansea, Wales, alikuwa na beti zilizokosa kiitikio kizuri. Mwenzake Tom Evans, wa Liverpool, alikuwa na kiitikio kilichokosa beti. Wakaviunganisha, wakauingiza wimbo katika albamu ya No Dice, basi. Hata hawakuutoa peke yake.

Badfinger walirekodi chini ya Apple, kampuni ya Beatles. Jambo hilo liliwabeba na pia liliwaponza. Paul McCartney aliwapa wimbo "Come and Get It", George Harrison akapiga gitaa katika "Day After Day", na tangu hapo wakaonekana kivuli cha Beatles. Hukumu hiyo naikataa. Sikiliza "Baby Blue" katika albamu ya Straight Up ya 1971: gitaa linauma, sauti zinapokezana bila kusukumana, na hakuna sekunde ya kupoteza.

Kilichowaangusha ni karatasi. Mwaka 1970 walisaini na meneja wa New York, Stan Polley. Mapato yakapitia kampuni alizozidhibiti yeye, wanamuziki wakalipwa mshahara. Aliyewahi kumkabidhi wakala nyaraka zote za mzigo, kisha akabaki upande wa pili wa mpaka akisubiri simu, hahitaji kuelezwa zaidi.

Walipohamia Warner Bros., sehemu ya malipo ya awali iliwekwa katika akaunti ya dhamana. Fedha hizo zikakosekana, na Warner wakaenda mahakamani. Albamu yao ya 1974, Wish You Were Here, ambayo wachambuzi walikuwa wameisifu, ikaondolewa sokoni. Mishahara ikakatika. Ham alikuwa na nyumba mpya, na mwenzi wake alikuwa mjamzito. Aprili 1975 alijiua, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 28. Novemba 1983 Evans naye akajiua, baada ya mvutano mrefu juu ya mirabaha ya wimbo uleule.

Mwaka 2013 "Baby Blue" ulipigwa mwishoni mwa tamthilia ya Marekani, Breaking Bad, na watu wakaanza kuununua upya. Kati ya wanne waliorekodi No Dice, wa mwisho kuondoka ni Joey Molland, aliyefariki Machi 2025.

"Without You" ya kwanza bado inapatikana kwa urahisi mtandaoni. Haina vayolini za Nilsson wala sauti ya Mariah inayopaa. Ni kavu, karibu ya unyonge, na mimi naipenda kuliko zote.