Petroli ya ami imekwenda wapi? Kisa cha lita tano zilizopotea Chake



Leo siandiki siasa. Naandika petroli, maana ilibaki kidogo tu ivunje ujirani wetu hapa Chake.

Kisa chenyewe hiki. Ami yangu ana gari ya abiria, Toyota ya petroli, inakwenda Wete na kurudi. Dereva wake ni kijana wa jirani, tumesoma naye skuli moja. Jioni moja ami akapiga hesabu barazani. Gari imetembea kilomita 240. Kwa kawaida yake lita moja inakwenda kilomita 12, kwa hiyo ilitakiwa ile lita 20. Imekula 25! Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa hivyo hivyo.

Ami akasema neno moja tu: "Unaniibia."

Kijana akaapa wallahi hajauza hata tone. "Ami, jua hili kali, petroli inaruka hewani." Ami akamwambia aweke funguo. Kisha akanigeukia mie: "Haya, wewe uliyemaliza fomu foo, petroli inaweza kuruka lita tano kwa siku?"

Jamani! Kazi ya mtu na jina la mtu, vyote nimekabidhiwa mie ambaye fizikia nilipita kwa mbinde, teh teh. Nikaomba siku mbili, nikakimbilia intaneti na gereji.

KURUKA INARUKA KWELI

Sisi watu wa Pemba jambo hili tunalijua tangu utotoni, ila hatulipi jina. Ukianika karafuu mbichi kilo tatu juani, mwisho unapata kilo moja hivi kavu. Zilizobaki kaziiba nani? Hakuna. Ni maji, yamekwenda hewani.

Petroli nayo ndivyo, ila ina haraka zaidi. Si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa vitu vingi, vyepesi na vizito. Vile vyepesi kabisa huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 au 40 hivi, na gari iliyoshinda juani inafika huko bila taabu. Ile harufu unayoisikia sheli ndiyo petroli yenyewe inakwenda zake. Dizeli hairuki hivyo, kwa sababu imejaa vitu vizito.

Nikajaribu mwenyewe: chupa mbili, petroli kidogo sawa sawa, nikatia alama kwa kalamu, nikaziweka nje kivulini mbali na nyumba. Moja nimeifunga vizuri, nyingine wazi. Jioni ile ya wazi imeshuka chini ya alama, inaonekana kwa macho. Iliyofungwa haijashuka hata kidogo. (Msiige jambo hili nyumbani, sababu naitaja huko chini.)

Basi kijana kashinda kesi? Subirini.

TANGI LA GARI SI CHUPA WAZI

Tangi lina mfuniko. Gari ya zamani isiyo na kinga yoyote, ikishinda juani inaweza kupoteza makumi ya gramu za mvuke kwa siku. Tuchukue gramu 30. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, kwa hiyo gramu 30 ni kama mililita 40. Yaani kikombe kimoja kile kidogo cha kahawa ya barazani!

Lita tano ni vikombe 125. Hakuna jua la hivyo, hata Chake.

Na gari nyingi tunazoletewa kutoka Japani zina kopo lenye mkaa maalumu. Mvuke ukitoka kwenye tangi unanaswa na ule mkaa, ukiwasha injini unanyonywa na kuchomwa. Marekani walianza kulazimisha kinga ya namna hii kwa magari ya mwaka 1971, na Ulaya gari mpya hufungiwa ndani ya chumba maalumu ikapimwa mvuke wake. Kikomo kiliwahi kuwekwa gramu 2 tu kwa kipimo kizima.

Nikamwambia ami: mvuke peke yake haufiki lita tano. Akanyanyua mikono: "Si nimesema! Mwizi!" Nikamwambia ami subiri kidogo, twende kwa fundi kwanza.

FUNDI NA KITAMBAA CHEUPE

Fundi akaiwasha gari, akajilaza chini, akapitisha kitambaa cheupe kwenye mipira ya mafuta. Karibu na tangi kitambaa kikaloa. Mpira una ufa! Injini ikiwa inawaka tone linadondoka, ikizimwa linakata. Na tone lile likianguka kwenye lami ya moto linakauka kabla hujalitazama. Chini hapana doa, hapana alama. Harufu tu, na harufu dereva keshaizoea.

Hesabu yake: tone moja ni kama mililita 0.05. Tone moja kila sekunde ni mililita 180 kwa saa. Gari ikifanya kazi saa kumi, ni lita 1.8. Karibu lita mbili!

Kwa hiyo kijana hakukosea sana. Petroli iliruka kweli, ila ilivuja kwanza. Mvuke haukuiba, ulifuta nyayo tu.

LITA TATU ZILIZOBAKI

Hapa ikawa zamu ya kijana kubanwa, nae akasema kweli.

Akiwa stendi anasubiri abiria, injini inawaka na AC inapuliza, maana abiria wakiona joto wanahamia gari nyingine. Gari iliyosimama na AC inaweza kula lita moja kwa saa, hata zaidi. Saa mbili kwa siku, lita mbili hizo, na gari haijasogea hata hatua.

Juu ya gari kuna keria, na juu ya keria kuna magunia na mikungu ya ndizi. Mzigo wa juu unagombana na upepo njia nzima. Tairi nazo zilikuwa laini. Na Pemba yetu si Unguja, hapa ni vilima na mabonde mwanzo mwisho, kila mlima unadai chake. Lita ya mwisho nadhani iliishia huko, ingawa hii siwezi kuipima tone kwa tone.

NA WANAOSEMA TUJAZE ALFAJIRI?

Wengi wanaamini ukijaza asubuhi na mapema unapata mafuta mengi kwa sababu ni ya baridi. Petroli hutanuka kweli, kama asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Lita 40 zikipanda nyuzi 10, zinaongezeka lita 0.4. Lakini tangi la sheli liko chini ya ardhi, na huko alfajiri na adhuhuri joto halipishani sana. Lala usingizi wako. Bei ZURA wanaitangaza kila mwezi, haibadiliki kwa sababu umewahi.

Kinachosaidia ni haya:

1. Bomba la sheli likikata lenyewe, acha. Usimwambie "ongeza kidogo". Tangi lililojaa pomoni likipata jua halina pa kutanukia, na petroli inaweza kuingia hata kwenye lile kopo la mkaa na kuliharibu.
2. Angalia mpira wa mfuniko wa tangi. Ukisikia harufu ya petroli gari imesimama, nenda kwa fundi leo leo.
3. Pima upepo wa tairi asubuhi kabla gari haijatembea.
4. Unasubiri abiria? Zima.
5. Andika kilomita na lita kila siku. Daftari la shilingi chache linaamua ugomvi kuliko kiapo.

SASA LA HATARI

Hili ndilo lililonifanya niandike. Tunaweka petroli kwenye madumu na chupa za maji, tunaiweka jikoni au uani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi juu kama moshi, unatambaa chini kwa chini mpaka ulikute jiko la mkaa. Hewa ikiwa na mvuke huo asilimia moja na nusu tu, cheche inatosha. Agosti 10, 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100.

Na gari ya ami ilikuwa inadondosha petroli karibu na tangi, abiria wamekaa juu yake, kila siku Chake na Wete. Sisi tunagombana nani mwizi!

Mpira mpya umefungwa. Siku ya kwanza gari imekula lita 22, siku ya pili 21. Kijana karudishiwa funguo. Ami hajamwambia samahani, lakini juzi nimemwona anamnunulia kahawa barazani, vikombe viwili.

Haya wadau, gari yako inakwenda kilomita ngapi kwa lita? Na kuna aliyewahi kufukuzwa kazi kwa mafuta "yaliyopotea"? Semeni hapo chini, matusi hapana.